Vitafunwa vya Shuleni: Kipi Kizuiwe, Kipi Kiachwe

Kitafunwa anachonunua mwanafunzi saa ya mapumziko mara nyingi hakikaguliwi na mzazi wala mwalimu. Mtoto ana sarafu yake mkononi, muuzaji yuko getini au kwenye duka la shule, na kengele inakaribia kulia. Katika dakika hizo chache huamuliwa sehemu kubwa ya kile atakachokula mpaka arudi nyumbani: soda au maji, kripsi au karanga, barafu ya rangi au kipande cha tikiti. Ndiyo maana katika miaka ishirini iliyopita serikali nyingi zimeacha kuliona jambo hili kama hiari ya mtoto, zikalitungia sheria. Sheria ya Chile ilianza kutumika mwaka 2016, India ikatoa kanuni zake mwaka 2020, Mexico ikafuata mwaka 2025. Afrika Mashariki uamuzi bado uko, kwa sehemu kubwa, mikononi mwa mwalimu mkuu na kamati ya shule yake.

Vinavyohesabiwa kuwa vitafunwa visivyofaa ni vile vyenye sukari, chumvi au mafuta mengi ambavyo haviupi mwili kitu kingine cha maana. Soda, juisi ya unga, pipi, biskuti za krimu, kripsi na tambi za paketi zinazotafunwa kavu ziko kwenye kundi hilo bila ubishi. Vya kukaanga kama maandazi, kachori, mihogo na chipsi viko katikati, na hapo ndipo penye mjadala mgumu zaidi kwa shule za huku kwetu.

Tatizo limekua kwa kasi. Ripoti ya UNICEF ya mwaka 2025 ilionyesha kwamba, kwa mara ya kwanza duniani, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliopitiliza wamekuwa wengi kuliko wenye uzito pungufu: 9.4% dhidi ya 9.2%. Mwaka 2000 wenye unene huo walikuwa 3% tu, na wenye uzito pungufu karibu 13%. Afrika Kusini mwa Sahara na Asia Kusini ndiyo maeneo ambako uzito pungufu bado unaongoza. Hiyo haina maana kwamba Afrika Mashariki imesalimika. Darasa moja la Dar es Salaam au Mombasa laweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mtoto mnene kupita kiasi, na wote wawili wananunua kwenye meza ileile ya getini.

Sukari ni ya kuanza nayo kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile iliyomo kwenye asali na juisi za matunda, isizidi 10% ya nishati ya siku nzima, na ikiwezekana ishuke chini ya 5%. Mtoto wa shule ya msingi anayehitaji takriban kalori 1,800 kwa siku hapaswi basi kuvuka gramu 45, sawa na vijiko 11 vya chai. Chupa ya kola ya mililita 350 peke yake ina takriban gramu 37, yaani vijiko 9. Ikiwa asubuhi alikunywa chai yenye vijiko viwili vya sukari, chupa hiyo inamfikisha kwenye kikomo kabla hajala chakula cha mchana.

Meno ndiyo huumia kwanza. Bakteria wanaoishi kwenye utando wa meno hula sukari na kutoa tindikali, nayo tindikali huyeyusha madini ya ganda la nje la jino. Mate huweza kurekebisha uharibifu huo yakipewa muda, ila mtoto anayemung'unya pipi moja baada ya nyingine tangu saa nne mpaka saa saba hayapi mate nafasi hiyo. Wazazi wengi hawajui kwamba idadi ya mara sukari inapoingia kinywani ina uzito mkubwa kuliko wingi wake kwa mkupuo mmoja. Pipi ndogo inayokaa mdomoni nusu saa yaweza kuharibu jino kuliko kipande cha keki kilicholiwa kikaisha. Kwa makadirio ya WHO ya mwaka 2022, watoto milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza.

Chumvi ya kripsi na tambi za paketi huzoesha ulimi wa mtoto ladha kali, na mtu aliyezoea chumvi nyingi utotoni huendelea kuitaka ukubwani, wakati shinikizo la damu linapoanza kumwandama. Lakini hasara iliyo kubwa zaidi, hasa kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo, ni ile isiyoonekana upesi. Tumbo la mtoto ni dogo. Likijazwa soda na kripsi saa nne, maharage ya saa saba hayapati pa kuingia, na pamoja nayo yanapotea madini ya chuma, protini na vitamini ambazo kitafunwa hakikuwa nazo. Mtoto ameshiba, na upungufu wa damu unaendelea kumnyemelea.

Ipo hoja moja inayosemwa sana ambayo haina mashiko. Walimu na wazazi wengi huamini kwamba sukari huwafanya watoto washindwe kutulia darasani. Majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu, watoto na wazazi wakiwa hawajui nani kapewa sukari na nani kapewa kitamu bandia, hayakuthibitisha hilo. Uchambuzi wa majaribio hayo uliochapishwa Marekani mwaka 1995 haukuona tofauti ya tabia. Katazo la soda lisijengwe juu ya imani hiyo, kwa maana zipo sababu za kweli zinazotosha. Kinachomtoa mtoto kwenye somo waziwazi ni njaa na ugonjwa. Huko Uingereza, mpishi wa televisheni Jamie Oliver alipobadilisha mlo wa shule za Greenwich, London, katikati ya muongo wa 2000, wachumi waliofuatilia matokeo walikuta ufaulu wa Kiingereza na Sayansi umepanda katika shule za msingi za eneo hilo, na utoro wenye ruhusa, ambao kwa kawaida hutokana na kuugua, umepungua kwa takriban 14%.

Uingereza hiyohiyo ilitoa pia somo la upande wa pili. Baada ya vipindi vya Oliver kuonyeshwa mwaka 2005, serikali iliweka masharti mapya ya chakula cha shule, na soda, kripsi na pipi zikaondolewa. Mwezi Septemba 2006, katika mji mdogo wa Rawmarsh karibu na Rotherham, baadhi ya akina mama walianza kusimama nje ya uzio wa shule saa ya chakula cha mchana, wakipokea oda za wanafunzi na kuwapitishia chipsi, baga na vinywaji kutoka maduka ya jirani. Magazeti yaliwacheka na kuwalaumu. Malalamiko yao, hata hivyo, yalistahili kusikilizwa: wanafunzi walikuwa wamezuiwa kutoka nje saa ya mapumziko, foleni ya chakula ilikuwa ndefu, na chakula kipya hawakukipenda. Kwa muda, idadi ya wanafunzi wanaokula mlo wa shule nchini humo ilishuka, kisha ikapanda tena taratibu watoto walipozoea na wapishi walipopata ujuzi. Mabadiliko yaliyoletwa ghafla, bila wazazi kushirikishwa, yaliwagharimu waliokuwa na nia njema.

Chile ilijiandaa kwa muda mrefu zaidi. Sheria yake namba 20.606 ilipitishwa mwaka 2012, ikaanza kutumika Juni 2016, na viwango vyake vikakazwa kwa awamu tatu mpaka mwaka 2019. Katika awamu ya mwisho, chakula kigumu chenye zaidi ya gramu 10 za sukari, miligramu 400 za sodiamu, gramu 4 za mafuta yaliyoshiba (saturated fat) au kalori 275 katika kila gramu 100 hubandikwa alama nyeusi ya pembe nane mbele ya paketi. Uzuri wa mpango huo uko kwenye wepesi wake: chenye alama nyeusi hakiuzwi shuleni. Mwenye duka la shule hahitaji kusoma maandishi madogo wala kubishana na mkaguzi, anatazama paketi. Alama hiyohiyo huzuia bidhaa kutangazwa kwa watoto walio chini ya miaka 14, na ndiyo iliyowaondoa wanyama wa katuni kwenye maboksi ya nafaka za kifungua kinywa. Uchunguzi wa vibanda vya shule mjini Santiago ulikuta kwamba mwaka 2014 takriban 90% ya vyakula vilivyokuwa vikiuzwa vilivuka viwango. Mwaka 2016, sheria ilipokwisha kuanza, vilikuwa vimebaki 15%.

Mexico ilijifunza kwa njia ndefu. Masharti yake ya kwanza kuhusu vyakula vya shule yalitolewa mwaka 2010, yakapuuzwa. Miaka mingi baadaye shule nyingi mno zilikuwa bado zinauza soda na kripsi ndani ya uzio, kwa sababu hapakuwa na adhabu na hapakuwa na mtu wa kukagua. Tarehe 29 Machi 2025 katazo jipya lilianza, safari hii likiwa na faini kwa wasimamizi wa shule inayoanzia takriban dola 545 za Marekani. Kama Chile, Mexico nayo inatumia alama nyeusi za pembe nane zilizoanza kuwekwa kwenye paketi mwaka 2020. Changamoto iliyobaki ni wauzaji wa barabarani. India na Korea Kusini zilijaribu kulikabili hilo kwa kupima umbali: India inakataza vyakula hivyo kuuzwa ndani ya mita 50 kutoka kwenye uzio wa shule, na Korea Kusini ina maeneo maalumu yanayofika mita 200.

Je, makatazo haya yanasaidia? Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 ulikusanya tafiti kutoka nchi mbalimbali. Pale shule zilipoweka masharti juu ya vinavyouzwa, kila mwanafunzi alipunguza kwa wastani kipimo 0.18 cha vinywaji vya sukari na kipimo 0.17 cha vitafunwa visivyofaa kwa siku. Kwa lugha ya kawaida, hiyo ni soda moja pungufu kila baada ya siku tano au sita. Uzito wa watoto haukubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Mafanikio hayo ni madogo, na mwenye kuahidi kwamba kufunga duka la soda kutamaliza unene wa watoto anadanganya. Lakini soda moja pungufu kwa kila mtoto, kila wiki, kwa miaka yote ya shule ya msingi, ni sukari nyingi iliyokwepwa kwa gharama ndogo sana.

Namna ya kukataza nayo ina uzito. Watafiti wa Marekani Jennifer Fisher na Leann Birch walionyesha mwaka 1999 kwamba watoto wadogo wanaokiona kitafunwa mbele yao huku wakizuiwa kukila hukitamani na kukizungumzia zaidi kuliko kile walichoachiwa. Shule inayofunga duka kwa wanafunzi na kuacha friji ya soda ikiwaka kwenye ofisi ya walimu inafanya kosa la aina hiyo. Kisichotakiwa kiondoke kabisa, kwa wote walio ndani ya uzio.

Hali ya shule nyingi za serikali za Tanzania inadai jicho la karibu zaidi, kwa kuwa biashara kubwa iko getini, na bidhaa nyingi hazina paketi ya kubandikwa alama. Meza moja ya mbao hubeba ndoo ya mihogo ya kukaanga iliyofunikwa kitambaa, kopo la chachandu, vipakiti vya karanga, ubuyu mwekundu, vipande vya embe mbichi vilivyopakwa chumvi na pilipili, kripsi za viazi na boksi la barafu. Kuvikataza vyote kwa mkupuo ni kutojua tofauti kati yake. Karanga ni chakula bora kwa mtoto, zenye protini na mafuta mazuri, mradi ziwe zimekaushwa na kuhifadhiwa vizuri zisiote sumukuvu. Embe ni tunda. Kinachohitaji kupunguzwa ni chumvi yake. Ubuyu wenyewe una vitamini C kwa wingi, ila sukari na rangi unazopakwa huugeuza kuwa pipi. Muhogo una protini kidogo, lakini unashibisha, na shida yake iko kwenye mafuta yanayorudiwa kukaangia mpaka yanakuwa meusi na mazito. Kripsi hazina wa kuzitetea.

Barafu za rangi ndizo zinazotisha kuliko vyote, na si kwa sababu ya sukari peke yake. Zikitengenezwa kwa maji yasiyochemshwa, hubeba vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo, kwa kuwa kugandisha maji hakuviui vimelea hivyo. Wakati wa mlipuko wa kipindupindu barafu hizo ni za kuondolewa siku hiyohiyo, bila kusubiri kikao.

Kisha kuna njaa. Watoto wengi wa shule za kutwa huondoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu tumboni, na wasipopata uji shuleni, kipande cha muhogo cha saa nne ndicho kifungua kinywa chao. Kwa mtoto huyo, mgambo anayefukuza wauzaji getini hajamlinda na ulaji mbaya. Amemwongezea saa nne za njaa. Hapo ndipo mifano ya Santiago na London inapohitaji kupimwa kwa mizani ya kwetu. Chile na Uingereza zilikuwa na jiko la shule lililokwisha kuwasha moto kabla duka halijafungwa. Shule isiyo na mlo iondoe soda, pipi, kripsi na barafu mara moja, kwa kuwa hivyo havimshibishi mtu, lakini isiguse mihogo, viazi, karanga na matunda mpaka iwe na cha kumpa mtoto badala yake.

Wauzaji nao si maadui. Wengi wao ni akina mama wa mtaa uleule, na baadhi wana watoto ndani ya shule hiyohiyo. Mama anayefukuzwa getini Jumatatu atapanga meza yake kona ya pili Jumanne, mahali ambapo hakuna anayemwona. Njia yenye matumaini ni kuwaandikisha, kuwapa nafasi ndani ya uzio, kuwataka wapime afya kama watoa huduma wa chakula wanavyotakiwa, na kumwomba bwana afya apite kukagua mafuta na maji. Anayeuza ndizi, machungwa, mahindi ya kuchemsha, karanga au mayai abaki. Anayeshikilia barafu na pipi akose nafasi. Biashara itabadilika haraka kwa sababu wanafunzi ndio wateja wake wakubwa, na mama huyo anajua kupika kuliko mtu yeyote aliyeandika mwongozo.

Mapato ya shule ni kikwazo kingine, ingawa hakisemwi kwa sauti. Marekani, kabla ya masharti ya vitafunwa kuanza kutumika nchi nzima Julai 2014, shule nyingi zilikuwa na mikataba na kampuni za vinywaji iliyoziingizia fedha. Wilaya ya shule za Los Angeles iliamua mwaka 2002 kuondoa soda licha ya hofu ya kukosa fedha hizo. Afrika Mashariki kampuni hujilipa kwa njia nyingine: ubao wa jina la shule wenye nembo ya soda, ambao mtoto anausoma kila asubuhi akiingia na kila jioni akitoka. Ubao wa bati na rangi si ghali kiasi kwamba jamii nzima ishindwe kuununua.

Wapo wanaosema kwamba chakula cha mtoto ni haki ya mzazi kuamua. Ni kweli, nyumbani. Mzazi aliyempa mwanawe sarafu asubuhi hakuwapo wakati sarafu hiyo ilipotumika, na shule iliyoweka masharti getini inamsaidia kutimiza alichokitaka.

Jiko la shule ndilo linalolifanya katazo liwe la haki. Brazil, ambayo mpango wake wa chakula hulisha takriban wanafunzi milioni 40, iliagiza kwa sheria ya mwaka 2009 kwamba angalau 30% ya fedha za mpango huo zinunue mazao ya wakulima wadogo, na imeweka kikomo cha vyakula vilivyosindikwa, vikiwemo vilivyosindikwa kupita kiasi: 15% mwaka 2025, 10% mwaka 2026. Nairobi, mpango wa Dishi na County ulioanza mwaka 2023 huwapa wanafunzi wa shule za umma chakula cha mchana kwa shilingi 5 za Kenya, mtoto akigusisha bangili yake kwenye kifaa anapopokea sahani. Shilingi hizo tano zingeishia kwenye pipi. Tanzania ina mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi, ila utekelezaji unategemea michango ya wazazi, na tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 wapo wanaodhani kwamba mahindi na maharage ya shule nayo ni mzigo wa serikali peke yake. Pale ambapo kijiji kimekubaliana debe la mahindi na kiasi cha maharage kwa kila kaya baada ya mavuno, sufuria ya makande inachemka mpaka mwisho wa muhula.

Mzazi hahitaji kusubiri sheria ya Bunge. Kikao cha wazazi cha mwanzo wa muhula kina mamlaka ya kutosha kuanza. Aende, aulize uji unaanza lini, nani anakagua mafuta na maji ya wauzaji, na soda na barafu zinaondoka tarehe gani. Na asiondoke mpaka majibu yameandikwa kwenye muhtasari wa kikao, pamoja na jina la mtu atakayeyasimamia.